Mgema Anapolipia Sifa

Jumatatu ya tarehe 13 Januari 2014, mahakama moja mjini Munich, Ujerumani, ilitoa hukumu juu ya chokoleti.

Ilikuwa chokoleti ya mraba ya Ritter Sport, yenye njugu nzima ndani. Mwishoni mwa mwaka uliotangulia, shirika la kupima bidhaa la Stiftung Warentest lilikuwa limepima chokoleti 26 za njugu na kuipa hiyo alama ya mwisho kabisa: "mangelhaft", yaani ina kasoro. Ladha haikuwa tatizo, wala usafi. Shirika lilisema kiungo cha harufu kiitwacho piperonali kilikuwa kimetengenezwa kwa kemikali, ilhali karatasi ya chokoleti iliandikwa kwamba harufu ni ya asili. Mtengenezaji alikana akaenda mahakamani, na mahakama ikaona shirika limeshindwa kuthibitisha. Likazuiwa kurudia dai lile. Septemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikaafiki.

Kesho yake, Jumanne, katika mji uleule, gazeti la Süddeutsche Zeitung likaandika habari ya ADAC, chama cha wenye magari chenye wanachama karibu milioni 19. Chama hicho hupima magari, matairi na viti vya watoto, na kilikuwa na tuzo ya kila mwaka ya gari linalopendwa zaidi na wasomaji wake. Mshindi, VW Golf, alitangazwa kupata kura 34,299. Kura halisi zilikuwa 3,409. Chama kikakana. Siku chache baadaye mkuu wake wa mawasiliano akakiri na kujiuzulu, na Februari rais wa chama naye akaondoka.

Siku mbili, mji mmoja, watetezi wawili wa mlaji.

Kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikirudi kwenye siku hizo mbili, kwa sababu hazikubaliani na nilichokuwa nimezoea kuamini: kwamba pesa ya nembo ndiyo huwaharibu watetezi hawa. Stiftung Warentest ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kutoza ada watengenezaji wanaotaka kuonyesha nembo yake kwenye bidhaa. Kosa lake lilikuwa la ukali uliopita ushahidi. ADAC ndiyo iliyopika takwimu, na haikuonekana popote kwamba kampuni ya magari ililipa kura hata moja. Kama ugonjwa ni pesa ya nembo tu, mambo yangetokea kinyume.

Basi pesa hiyo hufanya nini hasa?

Inapoingilia

Tuanze na utaratibu, kwa kuwa jibu limejificha humo.

Stiftung Warentest iliundwa na Bunge la Ujerumani Magharibi mwaka 1964, makao yake Berlin. Jarida lake halibebi matangazo, na serikali hulifidia kwa hasara hiyo. Bidhaa hununuliwa madukani na watu wasiojitambulisha, kama mteja mwingine yeyote. Kabla ya kupima, mpango wa vipimo hujadiliwa na jopo lenye wataalamu wa upande wa watengenezaji, wa walaji na wa sayansi. Vipimo vyenyewe hufanywa na maabara za nje ambazo majina yake hayatajwi. Vikikamilika, kila mtengenezaji hupelekewa namba za bidhaa yake, namba tupu zisizo na alama, aseme kama kuna kilichokosewa. Ndipo alama hutolewa: 0.5 hadi 1.5 ni nzuri sana, 1.6 hadi 2.5 ni nzuri, na kuanzia 4.6 ndiyo ile "ina kasoro". Kwao namba ndogo ndiyo bora.

Hadi 2013 mtengenezaji aliyefanya vizuri aliweza kuchapa matokeo hayo kwenye boksi bila malipo, mradi afuate masharti. Baadhi hawakuyafuata. Mwaka huo shirika likaanza kutoa leseni kupitia taasisi iitwayo RAL, kwa ada iliyoanzia euro 7,000 na kupanda hadi euro 25,000, kutegemea muda wa mkataba na aina ya matangazo. Kila nembo ikaanza kubeba namba yake ya leseni.

Uingereza ni vivyo hivyo. Jarida la walaji la Which? lilianza mwaka 1957 ndani ya gereji iliyogeuzwa ofisi huko Bethnal Green, London, likipima birika za umeme na aspirini. Leo mtengenezaji ambaye bidhaa yake imepata "Best Buy", yaani ununuzi bora, hulipa ili aitumie nembo hiyo. CHOICE, shirika la walaji la Australia, nalo hutoza.

Wote wana hoja moja ya kujitetea: pesa huingia mwishoni. Bidhaa imeshanunuliwa, imeshapimwa, alama imeshachapishwa. Hakuna cha kununua tena isipokuwa ruhusa ya kuonyesha picha.

Hoja hii ni nzuri, na karibu ninyanyue mikono hapo.

Lakini shirika la walaji halipimi mara moja likafunga ofisi. Mashine za kufua hupimwa mwaka hadi mwaka, na watengenezaji ni walewale. Malipo yanayokuja baada ya jaribio la mwaka huu yanakuja kabla ya jaribio la mwaka ujao.

Kukataa nako kuna bei

Upande wa pili lipo shirika la Consumer Reports la Marekani. Lilizaliwa mwaka 1936 kutokana na mgomo wa wafanyakazi wa Consumers' Research, shirika la kupima bidhaa lililokuwa New Jersey. Tangu mwanzo, na kwa miongo mingi, lilikataa matangazo, likakataa sampuli za bure, na likamkataza mtengenezaji yeyote kutumia jina lake kuuzia bidhaa. Kwa miaka mingi nimelichukulia kuwa kipimo cha wengine.

Halafu kuna kesi ya Regina.

Regina ilikuwa chapa ya mafagio ya umeme, yaani vifyonza vumbi vyepesi. Consumer Reports ilikuwa imeusifu mmoja, na kampuni ikaweka sifa hizo kwenye tangazo la televisheni bila ruhusa yake. Shirika likashtaki. Mwaka 1983 mahakama ya rufaa ya shirikisho huko New York ikaliacha tangazo liendelee: maneno yalikuwa ya kweli, yalinukuliwa sawasawa, na umma una faida ya kuyajua.

Tazama shirika lilibaki na nini. Halikupata senti, na bado jina lake liliuza mafagio. Halikuwa na uwezo wa kusema tangazo litaje tarehe ya jaribio, wala modeli halisi, wala lishuke hewani baada ya miaka miwili. Leseni ya Kijerumani inaweza kudai hayo yote. Hapo ndipo msimamo wangu ulianza kuyumba, kwa maana nilikuwa nikiiona ada kama bei ya sifa tu, kumbe ni hatamu pia.

Isitoshe, kupima kunakula fedha. Kwa mashine za kufua, Stiftung Warentest hununua mashine 3 za kila modeli na kuziendesha mizunguko 1,840, kadirio la miaka 10 ya matumizi ya nyumbani. Zidisha kwa modeli kumi na kitu, ongeza umeme, maji, sabuni, mafundi na miezi ya kusubiri. Msomaji alikuwa akilipia hayo kwa kununua jarida. Sasa mmoja ananunua, anapiga picha jedwali, na kundi zima la WhatsApp linasoma bure.

Hata Consumer Reports leo hupata kamisheni msomaji anapobofya kiungo cha duka kwenye tovuti yake na kununua. Shirika linatamka hivyo waziwazi na kusema fedha zote zinaingia kwenye kazi yake. Nalisadiki. Hata hivyo kamisheni, nikiipima kwa mizani, ni nzito kuliko ada ya nembo. Ada ni kiasi kimoja: ikishalipwa, shirika halipati zaidi kwa mashine elfu moja kuliko kwa mia. Kamisheni huongezeka kwa kila ununuzi, na inapokuwa asilimia ya bei, friji ya bei kubwa huleta zaidi kuliko friji ndogo inayofanya kazi ileile. Anayepaswa kukuambia "usinunue, ya zamani bado ni nzima" hupoteza kila anaposema hivyo.

Mteremko

Watu wakiwaza rushwa kwenye majaribio huwaza bahasha mezani na fundi anayebadilisha namba. Hiyo ipo duniani, lakini kwenye mashirika haya ndiyo njia ngumu kuliko zote, kwa sababu maabara iko mbali na ofisi ya leseni na mtengenezaji mwingine yuko tayari kushtaki. Pesa hutafuta mteremko, kama maji.

Mteremko wa kwanza ni mstari wa ushindi. Tuseme birika 20 zimepimwa, na nembo ni kwa zilizopata 2.5 au chini yake. Zimefika 5. Kwa ada ya euro 7,000 kila moja, shirika linapata 35,000. Mstari ukisogezwa hadi 2.7, tuseme zinafika 9, na mapato ni 63,000. Wala si lazima mstari usogezwe. Yatosha mtu mmoja kwenye kikao aseme kelele za birika zimepewa uzito mkubwa mno, zishuke kutoka asilimia 15 hadi 10. Hoja yaweza kuwa ya kweli kabisa. Hakuna aliyedanganya. Birika 4 zimepanda ngazi.

Ndiyo maana swali la kuuliza shirika lolote ni moja: je, mapato yenu yanapanda washindi wakiongezeka? Wakijibu ndiyo, mteremko upo, hata wote walio ndani wawe waadilifu.

Mteremko wa pili unanisumbua zaidi, na sijaona ukizungumzwa vya kutosha. Ni uchaguzi wa kipi kipimwe. Nembo hununuliwa na mwenye chapa: televisheni, magodoro, mashine za kufua, losheni. Mafuta ya taa hayana chapa. Sukari ya kupima kwa kilo haina, unga wa kusagisha mtaani hauna, na nyanya zilizopuliziwa dawa asubuhi na kuuzwa jioni hazina. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa unga wa mahindi kinataka sumukuvu, aflatoksini yote kwa jumla, isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na aina ya B1 isizidi 5. Kuipima inahitaji sampuli zilizochotwa kutoka sehemu nyingi za gunia, kwa kuwa kuvu haisambai sawasawa; ukichota juu tu unaweza kukuta safi, na sumu iko pembeni. Ni kazi ya gharama, na mwisho wake hakuna hata mmoja wa kumuuzia nembo.

Shirika linaloishi kwa nembo litapima magodoro.

Mteremko wa tatu ni wa kukiri kosa. Januari 2007 Consumer Reports ilichapisha jaribio la viti 12 vya watoto wachanga vya kwenye gari. 2 tu vilifaulu. Ndani ya kama wiki mbili ikaliondoa jaribio lote. Maabara ya nje ilitakiwa kuiga gari likigongwa ubavuni kwa mwendo wa maili 38 kwa saa, na ikabainika nguvu iliyotumika ililingana na ajali ya zaidi ya maili 70. Ilikuwa aibu kubwa, lakini waliondoa. Sasa fikiria vile viti 2 vilivyofaulu vingekuwa tayari na nembo ya kulipiwa kwenye maboksi, madukani, kwenye mabango. Kukiri kungemaanisha kurudisha ada, kubandua stika na kujibu mawakili wa mteja. Je, wiki mbili zingetosha?

Tembo na maji

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wahenga wetu walilitazama tatizo hili upande wa mgema, na kwenye biashara ya nembo ndiko linakotokea kimyakimya kuliko kwingine.

Bidhaa iliyopimwa Machi siyo lazima ndiyo iliyoko dukani Novemba. Mtengenezaji hubadilisha mota, akapunguza unene wa waya, akabadili kiwanda, na namba ya modeli ikabaki ileile au ikaongezwa herufi moja mwishoni. Nembo bado inang'aa kwenye boksi. Kwa bidhaa za vyakula ni rahisi zaidi: mafuta mengine, msambazaji mwingine, kifurushi kilekile.

Mkataba mzuri wa leseni hufunga mlango huu kwa mambo ya kawaida kabisa. Namba kamili ya modeli na nchi ya kiwanda ziandikwe kwenye leseni. Mtengenezaji atoe taarifa kabla ya badiliko lolote. Shirika liwe na haki ya kwenda dukani, kununua tena na kupima tena, na gharama za duru hiyo ya pili ziwe zimekatwa mapema kutoka kwenye ada. Hili la mwisho husahaulika. Kama fedha za kupima tena hazikutengwa siku ya kusaini, hakuna atakayepima, na hapo leseni imekuwa cheti cha kumbukumbu.

Kwa mnunuzi, nembo husomwa kuanzia chini kwenda juu, maandishi madogo kwanza. Tafuta mwezi na mwaka wa jaribio, kisha namba ya modeli, uilinganishe na ile iliyobandikwa nyuma ya kifaa chenyewe, si ya kwenye boksi. Halafu tazama kama imetajwa ni bidhaa ngapi zilipimwa. "Nzuri" kati ya 20 ambapo 14 zilikuwa nzuri ni habari tofauti na "nzuri" iliyokuwa pekee. Nembo isiyo na tarehe wala namba, iache.

Mkataba wa kutoigwa

Mwezi Agosti 1997 Chama cha Madaktari cha Marekani, AMA, kilitia saini mkataba na kampuni ya Sunbeam. Kwa miaka mitano jina la chama lingewekwa kwenye vifaa vya afya vya nyumbani vya kampuni hiyo, kama vipimajoto na vipima shinikizo la damu. Kampuni nyingine zisingepata nafasi hiyo. Chama kingelipwa kulingana na mauzo. Na chama hakikuwa na mpango wa kuvipima.

Kila kosa linalowezekana limo ndani ya sentensi hizo chache. Malipo kwa mauzo, mteja mmoja peke yake, na sifa isiyo na jaribio.

Madaktari wenyewe ndio waliopiga kelele. Chama kikajitoa, Sunbeam ikashtaki, na mwaka 1998 wakamalizana kwa dola milioni 9.9 zilizotoka mfukoni mwa chama. Najiuliza ingekuwaje kama wanachama wangenyamaza. Huenda ndiyo kinga ambayo hakuna mkataba unaoweza kuiandika: watu wenye uwezo wa kuwatoa viongozi ofisini, wanaosoma makubaliano kabla kampuni haijayatangaza.

ADAC ilikuwa na wanachama milioni 19 na hawakuona. Baada ya aibu ile chama kilijigawa: chama chenyewe, kampuni ya biashara, na mfuko wa hisani unaoshika asilimia 25.1 ya kampuni hiyo, kiasi cha kuweza kuzuia maamuzi makubwa. Chama kinashika 74.9. Ni ukuta wa karatasi, lakini una mahakama nyuma yake.

Kwetu

Alama ya TBS kwa Tanzania, na ya KEBS kwa Kenya, ni kitu kingine, na tukizichanganya na hizi tutaumia. Zile zinasema bidhaa imefika kiwango cha chini kinachokubalika. Mzalishaji huomba, hukaguliwa, sampuli hupimwa, hulipa ada. Bidhaa mbili zilizoko rafuni zote zinaweza kuwa nayo, na haisemi ipi inamshinda mwenzake. Hakuna anayeshangaa mzalishaji kulipia, maana anayetoa ni mamlaka ya umma yenye sheria, na akikosea kuna wa kumuuliza bungeni.

Vyama vya walaji vya huku ni vidogo na havina fedha. Mkono mtupu haulambwi. Siku moja mojawapo kitafuatwa na kampuni ya magodoro au ya maji ya chupa, kiombwe "kupendekeza", na mezani patakuwa na pesa za kulipa pango la mwaka mzima. Sitaki kukiambia kikatae tu; ninayeandika silipi pango lao. Ila nakisihi kiyaweke haya kwenye karatasi kabla simu haijalia.

Vigezo na mstari wa ushindi vichapishwe kabla bidhaa haijanunuliwa, na visiguswe hadi duru iishe. Bidhaa zinunuliwe dukani kwa fedha taslimu, katika miji isiyopungua miwili, risiti zitunzwe. Walioshindwa wachapishwe kwa majina pamoja na walioshinda. Ada iwe kiasi kimoja, kwa mkubwa na mdogo, isiyofuata mauzo. Orodha ya waliolipa na kiasi walicholipa ibandikwe hadharani kila mwaka. Anayezungumza na kampuni kuhusu leseni asikae kwenye kikao cha vipimo. Fungu la ada liende kwa bidhaa zisizo na chapa, ule unga na yale mafuta ya taa, na asilimia yake iandikwe kwenye katiba ya chama ili mweka hazina wa kesho asiipunguze kwa barua.

Na kuna duru itakayofika ambapo birika zote 20, au magodoro yote, hayafai. Hakuna mshindi, hakuna leseni, hakuna hata shilingi inayoingia, na mishahara ya Desemba inasubiri. Hapo mtu atakumbuka kwamba kelele zilipewa uzito mkubwa. Chama kinahitaji akiba ya kukibeba walau miezi sita ili kiweze kuchapisha jedwali lile lilivyo, na akiba hiyo inapaswa kuwa benki kabla ya nembo ya kwanza kuuzwa.